Kwenda na kurudi siku moja: namna ya kupanga safari fupi ya kooperative



Kwa gazeti zilizopita tumesema sana juu ya mbegu, juu ya kupanda kwa mistari na juu ya kukausha mpunga. Leo tunatoka kwa shamba, tunaingia njiani. Wengine watasema: «Safari nayo ni somo? Si unapanda tu gari unaenda?» Ndiyo, ni somo. Tumeona kooperative zinazolima vizuri, zinavuna vizuri, halafu faida ya msimu muzima inamwagika njiani kwa siku moja. Hapana juu ya wezi, hapana juu ya ajali. Ni juu safari haikupangwa.

Tunasema hapa safari fupi, ile ya kutoka kituo kimoja kidogo cha bonde mpaka kingine na kurudi siku ileile. Kwa mfano Luvungi mpaka Sange, kwa bonde la Ruzizi. Ni kilomita thelathini hivi, kwa barabara ya taifa namba 5. Juu ni karibu, hakuna mtu anaipanga. Na pale ndipo shida inaanzia.

TULICHOONA SISI WENYEWE

Mwaka mmoja, mwezi wa ine, tulisindikiza kooperative moja iliyotaka kuuza mifuko makumi mbili ya mpunga kwa kituo cha jirani. Waliambiwa kama bei kule iko juu. Komite ikakubali jioni, asubui wakaanza kutafuta gari. Gari ikapatikana saa mbili. Kupakia kukaanza, funguo ya depo haiko, papa mwenye funguo ameenda shambani. Tukaondoka saa ine (10h00). Mwenye gari alisema: «Musiogope, tutafika tu, ni hapa karibu.»

Tulifika saa sita kamili, jua kichwani. Mbele yetu kulikuwa na watu wengi wanangojea mizani. Zamu yetu ikafika saa tisa. Munuzi akaingiza mkono kwa mfuko, akaweka punje kwa meno, akasema mpunga haujakauka vizuri, atakata kilo mbili kwa kila mfuko. Tukabishana. Alijua vizuri kama tuko mbali na nyumbani na jua linashuka. Alikaa tu kwa kiti chake, akangojea. Saa kumi tukakubali bei yake.

Wakati wa kurudi, kwa mto mmoja njiani tukakuta magari yamesimama pande zote mbili. Kwetu bondeni hata tone la mvua halikuanguka siku ile, lakini kule milimani ilikuwa imenyesha tangu mchana. Mtu mmoja akatuambia: «Mayi imejaa, leo hatuvuke.» Tukalala palepale, wengine ndani ya gari, wengine kwa baraza ya kanisa. Mama trezorie alilala na pesa ya wanamemba makumi tatu imefungwa kwa kikwembe chake. Anasema hakufunga macho hata dakika moja.

Kesho yake, kwa mukutano, wanamemba waliuliza pesa iko wapi. Pesa ilikuwa pale, lakini ilikuwa kidogo kuliko ile wangepata kama wangeuzia mpunga nyumbani. Watu wawili wakasema wanatoka kwa kooperative. Hatukuwa na la kujibu, juu hata sisi ma agronome tulikuwa ndani ya ile gari na hatukusema kitu asubui.

WATU WA NCHI YA MAJANI WALIPANGA NAMNA GANI

Tuliporudi tulikumbuka jambo moja kuhusu nchi ya Kanada. Kule kuko tambarare kubwa sana ya majani, inaitwa prairie. Ni nchi wazi, miti kidogo, ngano mpaka macho yanachoka. Ndani yake, kwa jimbo la Saskatchewan, kuko miji miwili midogo, Indian Head na Sintaluta. Kati yao ni kama kilomita 15. Yote miwili iko kwa njia ya reli kubwa ya Kanada, ile iliyomalizika mwaka 1885.

Kwa nini miji ile midogo imekaa karibu-karibu? Zamani mkulima alikuwa anabeba ngano kwa gari la kukokotwa na farasi. Farasi mwenye mzigo anatembea kama mtu tu. Basi wajenzi wa reli wakaweka vituo kila kilomita 11 mpaka 16 hivi. Kwa kila kituo kukajengwa depo ndefu za mbao, na ngano ilipimwa mule, ikapandishwa juu, kisha ikamwagwa ndani ya mabehewa ya treni. Mawazo yalikuwa haya: mkulima atoke nyumbani asubui na mzigo, afike, apime, auze, na alale kwake. Miji mizima ilipangwa juu ya ile safari ya siku moja.

Hiyo ni nusu ya somo. Nusu nyingine ilitokea mwaka 1901. Mavuno yalikuwa makubwa sana, lakini mabehewa ya treni hayakutosha. Mkulima alifika kituoni mapema, njia ilikuwa fupi, farasi wake walikuwa wazima, lakini hakupata behewa. Wenye depo ndio walipewa mabehewa mbele, na mkulima aliyekataa bei yao alirudi na ngano yake, ao aliiacha kwa bei ya chini. Mwezi wa 12 mwaka ule wakulima wakakutana Indian Head, wakaunda shirika lao. Mwaka 1902 wakamushitaki mutumishi wa kampuni ya reli wa kituo cha Sintaluta, kwani hakuheshimu sheria ya kutoa mabehewa kwa zamu, kufuata majina yalivyoandikwa kwa kitabu. Wakulima wakashinda. Tangu pale, mwenye kuandikwa mbele anapata mbele.

Sintaluta ileile ilikuwa kwao na mkulima E. A. Partridge. Mwaka 1906 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya wakulima wenyewe ya kuuza ngano.

Sisi tunabeba nini kutoka kule? Mambo mawili. Moja: safari ya siku moja inapimwa kwa kwenda NA kurudi, hapana kwa kwenda peke yake. Pili: njia fupi haisaidie kitu kama hujui nani atakupokea na zamu yako ni ya ngapi. Ile gari yetu ya mwezi wa ine haikushindwa na kilomita thelathini. Ilishindwa na saa mbili za asubui zilizopotea juu ya funguo, na saa tatu za kungojea mizani.

HATUA YA KWANZA: PIGA HESABU MBELE YA KUITA GARI

«Bei iko juu kule» si hesabu. Uliza: iko juu kwa franga ngapi kwa kilo? Kisha toa bei ya safari. Tufanye mfano. Nambari hizi ni za kujifunza tu, nyinyi muweke zile za kwenu.

Muko na mifuko 20 ya kilo 50, ni kilo 1.000. Bei ya kule inapita ya nyumbani kwa franga 100 kila kilo. Faida inayoonekana: 100.000.

Sasa toa:
– gari, kwenda na kurudi: 60.000
– kupakia na kushusha: 10.000
– taxe za njiani na za soko: 10.000
– chakula cha watu watatu: 12.000
– unite za simu: 3.000
Jumla: 95.000.

Inabaki franga 5.000. Watu watatu wametoa siku nzima ya shamba juu ya franga 5.000.

Na kama mumelala njiani? Gari inangojea, ongeza 30.000. Chakula na malalo, ongeza 30.000. Sasa munapoteza 55.000. Usiku mmoja tu unageuza faida kuwa deni.

Hesabu hii inaonyesha pia dawa. Gari ileile ikibeba mifuko 40 ya kooperative mbili, mwenye gari ataomba labda 80.000, kupakia na kushusha itakuwa 20.000, na zile ingine 25.000 zinabaki vilevile. Jumla 125.000. Faida inayoonekana ni 200.000, inabaki 75.000 ya kugawanya. Kwa hiyo swali la kwanza la komite lisiwe «nani ana gari?» Liwe «nani mwingine ana mpunga?»

Na kama hesabu inaonyesha hasara, basi safari haiko. Kubaki nyumbani pia ni uamuzi muzuri, na uandikwe kwa kaye kama uamuzi mwingine wowote.

HATUA YA PILI: ANZA NA SAA YA KURUDI

Hii ndiyo moyo wa somo. Wengi wanapanga safari kuanzia asubui: tutaondoka saa fulani, mengine tutaona mbele. Geuzeni. Anzeni na jioni, murudi nyuma.

Kwetu jua linashuka karibu saa kumi na mbili (18h00), mwaka muzima, halibadilike sana. Kule Saskatchewan, mwezi wa 12, mwangaza unadumu karibu saa nane tu kwa siku, na baridi inaweza kuua mtu ndani ya gari iliyokwama. Juu ya hiyo watu wa kule wanabeba mablanketi na chakula hata kwa safari ndogo, na wanaacha habari nyumbani: tunaondoka saa hii, tutafika saa hii. Sisi hatuna theluji, lakini tuko na giza, tuko na mito, na tuko na njia ambayo usiku si yetu.

Tupange basi, Luvungi mpaka Sange, na gari yenye mzigo:

– Saa kumi na mbili (18h00): giza.
– Saa kumi na moja (17h00): tuwe nyumbani. Ile saa moja katikati ni ya pine kupasuka. Musiiguse.
– Njia: watu wanasema saa moja. Na mzigo na mashimo, hesabuni mbili. Basi kutoka Sange ni saa tisa (15h00).
– Kuhesabu pesa, kuandika karatasi, kununua vitu vya kurudi navyo: nusu saa. Basi mauzo yamalizike saa nane na nusu.
– Kungojea mizani, kupima, kupatana: saa tatu na nusu. Basi tuanze saa tano (11h00).
– Kushusha na kutafuta nafasi: saa moja. Basi kufika ni saa ine (10h00).
– Njia: saa mbili. Basi kuondoka ni saa mbili ya asubui (8h00).
– Kupakia: saa moja. Basi tuanze saa moja ya asubui (7h00), na funguo iko mkononi.

Angalieni: sisi siku ile tuliondoka saa ine, saa ambayo tulipashwa kuwa tumefika. Safari ilikuwa imekwisha haribika kabla gurudumu halijazunguka, na hakuna aliyejua, juu hakuna aliyeandika.

Ukipakia jioni ya mbele, na mwangalizi akalala karibu na mzigo, unapata saa moja zaidi. Ile saa uiweke kwa akiba, usiigeuze kuwa usingizi.

HATUA YA TATU: ULIZA NJIA

Usimuulize mwenye gari anayetaka pesa yako. Muulize yule aliyefika jana kutoka kule, tena muulize maswali matatu: daraja na mito viko namna gani? Kuko barieri ngapi? Kuko habari yoyote ya usalama?

Mito ya bonde letu inashuka kutoka milimani upande wa magharibi, inaingia Ruzizi. Basi usitazame mbingu ya juu ya kichwa chako tu, tazama milima. Kama kule kumefunga weusi tangu mchana, mto utakuja jioni. Wa Uvira wanajua: mwezi wa ine mwaka 2020 mto Mulongwe ulitoka kwa njia yake, ukabomoa manyumba na ukaua watu. Kwa miezi ya mvua kubwa, ongezeni saa moja kwa mpango, ao mungoje siku ingine. Na musivuke kamwe mto uliojaa juu ya kuogopa kulala njiani. Pesa ya kulala inarudi.

Juu ya usalama tunasema fupi: kama mtu mmoja wa komite anasema hapana, safari haiko siku ile. Hatupige kura juu ya maisha ya watu.

Na jambo moja la barabara hii yetu. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, jioni, kamio ya esansi ilipinduka palepale Sange. Watu walikaribia, wengine kuchota, wengine kuangalia tu, wengine walikuwa karibu wanafuata mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Kwa wasomaji wetu wengine hao ni ndugu na watoto. Hatuandike hii kwa kuwaumiza. Tunaandika juu bado tunaona watu wanakimbilia kamio iliyoanguka na bido mkononi. Mukikuta kamio ya esansi ao ya mazutu imepinduka, gari yenu isimame mbali, musivute sigara, mugeuze. Hata kama mutachelewa soko.

HATUA YA INE: PIGA SIMU KWA YULE ATAKAYEKUPOKEA

Wakulima wa Sintaluta walipigania zamu kwa kitabu. Nyinyi muombe zamu kwa simu, siku mbili mbele. Muulize munuzi: utakuwako siku ile? Unapima kuanzia saa ngapi? Bei ya leo ni ngapi, na ya mpunga mkavu namna gani? Tunaweza kuandikwa kwa orodha ya asubui? Kisha mupigie na munuzi wa pili. Mwenye munuzi mmoja tu hana bei, ana bahati.

Kabla ya kupakia, mujipime nyumbani. Mpunga wa kukoboa unatakiwa kubaki na unyevu wa 14 kwa mia hivi. Wengi wetu hatuna mashine ya kupimia, lakini meno tuko nayo: punje iliyokauka inavunjika kwa sauti, ile mbichi inabonyea. Fungueni mifuko mitatu, chukueni punje za katikati, hapana za juu. Kama inabonyea, rudisheni juani. Rudieni hesabu yetu: kilo mbili kwa kila mfuko, mifuko 20, ni kilo 40. Kama kilo ni franga 1.000, ni 40.000 zimekatwa kwa meno ya mtu mwingine.

HATUA YA TANO: WATU, KARATASI NA PESA

Watu watatu wanatosha. Mmoja anasema na munuzi. Mmoja anaandika: kilo, bei, saa. Mmoja anabaki na mzigo, haondoki, hata kwa kunywa chai. Wakiwa watano, wawili wanatembea tu, na kooperative inalipa chakula chao.

Karatasi: kitambulisho cha kila mmoja, nakala ya karatasi za kooperative, barua ya utume yenye mhuri, na kaye ya kuandika kila franga inayotoka. Kwa kila taxe muombe risiti kwa heshima. Kama haipatikane, muandike mahali, saa na kiasi. Ile orodha itasaidia siku mutaenda kuongea na wakubwa.

Pesa: kama rezo iko, mupokee kwa simu, kwa namba ya kooperative, hapana kwa namba ya mtu. Kama ni pesa ya mkono, isikae kwa mtu mmoja, na isihesabiwe sokoni mbele ya macho ya wote. Mama trezorie wetu hatalala tena na mzigo ule peke yake.

Na vitu vidogo: maji ya kunywa, chakula, bashi ya kufunika mifuko, kamba, simu yenye moto, na pine ya akiba ambayo mumeiona kwa macho, hapana ile ya kuambiwa tu.

HATUA YA SITA: SAA YA KUKATA SHAURI

Ile saa ambayo tulikosa siku ile ndiyo hii. Tunaiita saa ya kukata shauri. Inaandikwa kwa kaye mbele ya kuondoka, wanamemba wanaijua, na hakuna anayeweza kuibadilisha njiani. Kwa mpango wetu ni saa nane (14h00).

Saa nane ikifika, mumeuza ao hamujauza, munachagua moja kati ya tatu: kuuza kwa bei ya mwisho mliyopewa na mukutano, kurudisha mzigo nyumbani, ao kuuacha kwa depo ya kooperative ndugu, na karatasi yenye kilo, tarehe na mikono ya pande mbili. Bei ya mwisho mukutano unaikata nyumbani, watu wakiwa na kichwa baridi.

Munuzi naye anasoma jua. Yule anayejua kama huna pa kwenda atangojea. Yule anayejua kama saa nane unafunga bashi na kuondoka, atasema bei yake ya kweli saa saba na nusu.

SAFARI YA PILI

Kooperative ileile ilisafiri tena mwezi wa sita, njia ikiwa kavu. Tulipanga pamoja chini ya muembe, mama trezorie ndiye alishika kaye. Wakaunganisha mpunga na kooperative ya jirani, mifuko 40. Walipakia jioni. Saa moja ya asubui gari ilikuwa njiani.

Hatutasema kama yote yalienda vizuri. Munuzi wa kwanza alinunua mifuko 28, kisha akasema pesa imeisha, wangoje labda kwa jioni. Kijana aliyesimamia mzigo alitaka wangoje. Mama akafungua kaye, akaonyesha saa. Akasema: «Mwanangu, nilikwisha lala njiani mara moja. Inatosha.» Mifuko 12 ikaingia kwa depo ya kooperative ndugu, karatasi ikaandikwa. Saa kumi na moja kasoro walikuwa nyumbani. Watoto walikuwa bado wanacheza nje.

Ile mifuko 12 iliuzwa juma lililofuata, na gari iliyokuwa inapita yenyewe. Kwa mukutano hesabu ilisomwa yote, hata franga za chai. Mmoja wa wale wawili waliotaka kutoka alinyosha mkono. Tulidhani anataka kulalamika. Aliuliza tu: «Safari ijayo ni lini? Mimi pia niko na mifuko sita.»

ZOEZI KWA MUKUTANO WENU

Mujigawanye kwa vikundi vya watu watano ao sita. Kila kikundi kichague kituo kimoja cha jirani mnachoendea mara nyingi, kisha mjibu:

1. Bei ya kule inapita ya kwetu kwa franga ngapi kwa kilo leo? Nani amethibitisha, na lini?
2. Safari itakula franga ngapi, kwenda na kurudi? Inatakiwa kubeba kilo ngapi ili faida ionekane?
3. Kuanzia saa kumi na moja ya jioni na kurudi nyuma, tunapashwa kuondoka saa ngapi?
4. Mito gani iko njiani, na nani wa kule tunaweza kumpigia simu asubui?
5. Saa yetu ya kukata shauri ni saa ngapi, na bei yetu ya mwisho ni ngapi?
6. Kama mzigo haujauzwa, utalala wapi? Musiseme «tutaona».

Kisha vikundi vilinganishe majibu. Mara nyingi kundi la wamama wanaouza sokoni kila juma linapata saa za kweli kuliko sisi ma agronome. Wasikilizeni, wao wanapita ile njia.

Mukisafiri kwa kufuata somo hili, mutuandikie namna ilivyokuwa, hata kama ilienda vibaya. Makosa ya kooperative moja yakiandikwa yanaokoa pesa ya zingine.

Tunawatakia mavuno mema, safari njema, na kurudi mapema.